Katika Magazeti ya Katuni, Juha ni Nani?

Hapa kwetu Ngulyati, mtu mzima akionekana ameinama juu ya gazeti la katuni, watu humcheka wakisema, "Ndevu zimeota, akili bado." Nasi tulisema hivyo miaka mingi, tena tulisema darasani, mbele ya watoto, chaki mkononi. Leo twataka kuyachungua maneno hayo, kwa kuwa tumeanza kuyaonea shaka, na shaka hiyo ilianzia kwa kijana mmoja ambaye hatutamtaja jina, maana twakaa naye kijiji kimoja wala hatukumwomba ruhusa.

Kijana huyu ana miaka 26. Hakwenda sekondari. Wakati wa kilimo huamka kungali giza, akawafunga maksai nira, akalima shamba la pamba pamoja na ndugu zake hata jua liwe kali. Kisha huoga, hula michembe au ugali uliobaki, akaenda penye mti wake kando ya njia, ambako hutengeneza baiskeli za watu. Mali yake huko ni pampu, beseni la maji la kutafutia tundu la tyubu, spana chache, na mfuko wa kitambaa uliojaa magazeti ya katuni. Mteja akija, gazeti huingia mfukoni. Mteja akienda, gazeti hutoka. Mengine aliyarithi kwa mjomba wake aliyefanya kazi Mwanza, mengine aliyanunua Bariadi mjini, na mengine aliyapata yamefungiwa karanga, akaomba karatasi baada ya karanga kuliwa. Siku hizi hutazama katuni katika simu pia, hasa zile za Kipanya, lakini husema kwamba katika simu picha hupita kama upepo, haina harufu.

Usiku, taa ya jua ikiwashwa, wadogo zake humzunguka naye huwasomea, akimpa kila mtu wa katuni sauti yake. Bibi yake, asiyejua herufi hata moja, huketi nyuma yao na kutazama juu ya mabega. Tulikuwapo usiku mmoja, tukaona jambo ambalo hatukulielewa upesi: bibi yule alicheka kabla mjukuu hajafika penye maneno.

Tulimwuliza kijana, "Huchoki kusoma hadithi ile ile mara kumi?" Akajibu, "Mwalimu, mara ya kwanza nasoma maneno. Mara ya pili natazama mikono."

Jibu hili lilitukaa moyoni. Tuliazima magazeti matatu, tukaenda nayo nyumbani, tukayasoma kama tulivyofundishwa chuoni, yaani kuanza na maneno na kumaliza na maneno. Hatukuona ila mizaha, tena mingine ya ovyo. Siku ya pili tuliyafunika maneno kwa kipande cha karatasi, tukatazama picha peke yake. Ndipo tulipoona. Mtu asema, "Karibu sana, ndugu yangu," na mguu wake umekwisha kuusukuma mlango. Mwingine asema hana hata senti moja, na mfuko wa suruali yake umetuna. Mke asema hana hasira, na mwiko umekunjika mkononi. Maneno yakaa juu, ndani ya kiputo cheupe, safi kama maneno ya mkutano. Mwili wakaa chini yake na kuyakanusha.

Katika kitabu cha hadithi za kawaida, mwandishi hutuhurumia. Hutuambia, "Mtu huyu alikuwa mwongo," nasi twajua. Mchora katuni hatuambii. Huweka kinywa mahali pake na mkono mahali pake, akatuachia sisi hukumu. Asomaye maneno tu amedanganywa pamoja na yule aliyedanganywa ndani ya picha. Basi kazi ya msomaji wa katuni si ndogo kama tulivyodhani, na bibi asiyejua herufi aliifanya upesi kuliko sisi wenye cheti.

Inatupasa sasa kusema kidogo juu ya watu hawa wa karatasi, maana vijana wa siku hizi wamewasahau wengi wao. Katika Tanzania, mwaka 1967, Christian Gregory alianza kumchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na kwa muda jina hilo likawa kama jina la katuni zote; mtu aliweza kusema "nimesoma chakubanga" bila kumaanisha Chakubanga mwenyewe. Likaja gazeti la Sani, lililopata wasomaji wengi sana katika miaka ya 1980 na 1990, na ndani yake wakakaa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe, na yule mtoto mtundu Madenge. Philip Ndunguru, ambaye mkono wake ulikuwa miongoni mwa mikono mikubwa ya gazeti hilo, alifariki mwaka 1986. Lakini watu wa karatasi hawazikwi pamoja na mchoraji wao, wengine waliwachukua wakaendelea nao.

Tazama majina yenyewe. Ndumilakuwili ni yule nyoka ambaye watu humdhania kuwa ana vichwa viwili. Mtu akiitwa hivyo, kila mmoja ajua kwamba hapasi kuaminiwa mbele wala nyuma. Lodi Lofa ni bwana mkubwa asiye na kazi: nusu ya jina ni kiti cha enzi na nusu ni kijiwe. Kabla picha haijaanza, jina limekwisha kumhukumu mtu. Hatuoni kwamba ni uvivu wa mchoraji. Wakwere, Wazaramo, na sisi Wasukuma twafanya vivyo hivyo tumpapo mtu jina la utani ukubwani, na jina hilo humfuata mpaka kaburini.

Lakini aliyetuvuta zaidi ni jirani yao wa Kenya. Katika miaka ya 1950 Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu, na akaendelea naye katika gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi, pamoja na mkewe Seera na mbwa wao Taska. Juha ni mjinga. Kalulu, katika lugha nyingi za ndugu zetu wa kusini, kama Kinyanja na Kibemba, ni sungura. Na sungura, kama kila mtoto ajuavyo, ndiye mwerevu wa hadithi zote, amshindaye fisi na tembo. Basi jina hili ni mjinga na mwerevu waliofungwa nira moja kama maksai wawili. Na neno juha lenyewe limetoka mbali: Waarabu wana hadithi nyingi za mtu aitwaye Juha, ambaye leo ni mpumbavu wa kuchekwa, na kesho awashinda kwa jibu moja waliokuja kumcheka. Hadithi hazikuona aibu kumwacha hivyo, nusu kwa nusu. Ni sisi walimu tutakao kila mtoto awe upande mmoja wa daftari la mahudhurio: hawa wana akili, hawa hawana.

Hapa hatuna budi kueleza kosa letu wenyewe.

Kijana huyu alipokuwa darasa la sita, nasi tungali wapya katika kazi, katika shule ambayo haina haja ya kutajwa, tulilikuta daftari lake la hesabu limejaa picha upande wa nyuma. Tulilifungua mbele ya darasa. Katika ukurasa mmoja alituchora sisi: tumbo mbele, miwani puani, na kinywani maneno, "Msiogope, watoto." Mkono wa kushoto ulinyoshwa kama wa mchungaji. Mkono wa kulia ulikuwa nyuma ya mgongo, umeshika fimbo.

Darasa lilicheka. Tulimchapa, tukairarua karatasi, tukamwambia maneno ambayo twayakumbuka kuliko alivyoyakumbuka yeye, ya kwamba asiyeweza kugawanya kwa tarakimu mbili na aweza kuchora upuuzi hana akili, ana utundu tu. Mwaka uliofuata alishindwa mtihani wa darasa la saba, nasi hatukushangaa. Tulijisifu moyoni kwamba tulitabiri. Miaka mingi ikapita. Aliposema chini ya mti, "natazama mikono," ndipo ukurasa ule ulipoturudia, na tukaona kwamba mtoto wa miaka 12 alikuwa amesema kwa mistari sita jambo lililo kweli juu yetu, ambalo hakuna mkaguzi aliyepata kuliandika. Tulipomwuliza kama alikumbuka, alicheka akasema, "Mwalimu, fimbo ile niliichora fupi mno."

Msomaji huenda akauliza, je, kuchora na kusoma picha ni akili kweli, au ni kipawa cha mkono tu? Swali hili wenye elimu wamelihangaikia tangu Alfred Binet wa Ufaransa alipotoa kipimo chake cha akili mwaka 1905. Nia yake ilikuwa kuwatambua watoto wahitajio msaada zaidi shuleni. Baadaye wengine walikichukua kipimo wakaanza kuwapanga watu wazima, hata mataifa, kama magunia ya pamba penye mizani.

Mwaka 1960, William Hudson alitangaza habari za picha alizowaonyesha watu wa Afrika Kusini. Katika picha yumo mwindaji na mkuki, mbele yake yumo swala, na katikati yao, juu ya kilima cha mbali, yumo tembo mdogo. Mtu huulizwa, "Mwindaji amlenga nani?" Aliyejibu "tembo" alihesabiwa kuwa haoni umbali ndani ya picha. Lakini umbali haumo ndani ya karatasi. Karatasi ni bapa. Kumchora tembo mdogo ili aonekane mbali ni desturi, mfano wa desturi ya kuandika kutoka kushoto kwenda kulia, na desturi hufundishwa. Jambo hili twaliona tukimpa gazeti la katuni mtu asiyelizoea. Hajui aanze na picha ipi. Hajui kwa nini nyota zamzunguka mtu aliyepigwa kichwani, au kwa nini matone yaruka usoni pa mtu asiyelia. Hajui kwamba kiputo chenye mkia wa viduara ni mawazo wala si maneno. Mwenye kuvijua hivi alivisoma mahali fulani, ijapokuwa hapakuwa na ubao.

Robert Serpell naye, katika kazi aliyoitangaza mwaka 1979, alilinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester katika Uingereza. Walipewa mifano waiige. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, watoto wa Zambia walishinda. Kwa udongo, walikuwa sawasawa. Tulipoyasoma hayo tulitoka nje tukatazama watoto wetu wakati wa mapumziko: mmoja anasukuma gari la waya lenye usukani unaopinda, na wengine wawili wamefinyanga ng'ombe wa udongo, wenye nundu na pembe, wameufanyia na boma. Kengele ikalia, wakayaacha nje hayo yote, wakaingia ndani kupimwa kwa penseli.

Tusije tukadhaniwa kwamba twaikataa penseli. Mtoto asiyejua kugawanya ataibiwa penye mizani ya pamba, awe na gari la waya zuri namna gani. Twasema tu kwamba tulitumia kipimo kimoja na kukiita akili nzima.

Neno akili tulilipata kwa Waarabu, na kwao lina undugu na jina la kamba wamfungiayo ngamia mguu asipotee. Sisi wafugaji twaielewa kamba hiyo bila kufafanuliwa. Tunayo yetu, tumfungayo ng'ombe mkali miguu ya nyuma wakati wa kukamua. Kwa asili yake, basi, akili si mbio. Ni kile kinachozuia mbio. Kisukuma chetu husema masala, na liko jina la watu, Masalakulangwa, maana yake akili ni ya kufundishwa. Wenye jina hilo wako wengi, nasi twawaandika katika daftari la mahudhurio pasipo kulisoma jina lao.

Katika jambo hili hatukubaliani na kijana wetu. Yeye husema kwamba akili ni kuona kile ambacho mwenzako amekificha. Twamjibu kwamba hiyo ni nusu. Ndumilakuwili naye huona. Huona udhaifu wa kila mtu, na ndiyo njia yake ya kula. Ana mbio, hana kamba. Na hapa ndipo tunapoyalaumu magazeti ya katuni, wala hatuyalaumu kwa jambo dogo. Acha picha za wanawake, ambazo nyingine hatuwezi kuzifungua mbele ya binti zetu, na ambamo mwanamke hana kazi ila kukimbiliwa na Pimbi. Lawama hiyo imekwisha kusemwa na wengi, nayo ni ya haki. Sisi twalaumu hivi: katika kurasa nyingi sana hakuna mtu wa kutumwa.

Serpell tuliyemtaja alikaa miaka mingi na watu wa Katete, mashariki ya Zambia, akawauliza wazee wangemchagua mtoto yupi kwa kazi ya haja, na kwa sababu gani. Wazee wa Kichewa walikuwa na neno lao, nzelu, ambalo ndani yake umo wepesi wa kufahamu, na umo pia utumishi, yaani mtoto awe wa kutegemewa. Mwenye wepesi peke yake hakuhesabiwa kuwa ametimia. Tuliposoma hayo tulimkumbuka mama yetu, ambaye hakupata kutuambia hata siku moja kwamba tuna akili. Alitupa fedha ya kusagisha mahindi akatazama chenji itakayorudi.

Sasa waite watu wote wa katuni uwajuao, msomaji, uwapange mstari. Utampa nani debe la mahindi na fedha ya mashine? Ndumilakuwili hatafika. Lodi Lofa atafika na hadithi. Pimbi atakutana na msichana njiani. Madenge atarudi na unga, lakini si wote. Juha Kalulu peke yake twaweza kumfikiria, ila mbwa Taska aende naye. Katika magazeti haya mjanja hushikwa mara nyingi, hupigwa, na hutoka na aibu, hilo twalikiri. Lakini hushikwa na mjanja mwenzake. Hashikwi na mtu mwaminifu, kwa sababu hayumo. Hata wakili dhalimu wa Injili ya Luka alisifiwa kwa busara yake, na wahubiri wamehangaika na mfano huo tangu zamani. Walakini mwenye kusimulia alihakikisha kwamba tunalijua jina lake, dhalimu.

Tulimweleza kijana hayo yote, naye alikuwa akipaka solusheni juu ya tyubu. Alisubiri ikauke, kama ipasavyo, kisha akasema, "Mtu wa kutumwa hachekeshi, Mwalimu. Nani atanunua gazeti lake?"

Hatukuwa na jibu. Tungali tukilitafuta, akaja mzee mmoja na baiskeli yenye rimu iliyopinda, akamkabidhi kijana noti mbili akamnunulie spoku Bariadi siku ya mnada, asiulize bei wala kuomba karatasi ya ushahidi. Baada yake akaja mama mmoja kuuliza kama ile dawa ya pamba aliyomwagiza imeletwa. Ilikuwa imeletwa, na chenji yake ilikuwa imefungwa katika kipande cha karatasi ya katuni, nambari imeandikwa juu yake: hesabu ya kugawanya, tena sahihi. Tuliitazama mara mbili.

Imebaki habari moja. Katika mfuko wake limo gazeti ambalo jalada lilikwisha kung'oka, hata jina lake na la mchoraji hayajulikani, na karatasi ya mwisho haipo. Katika picha ya mwisho iliyobaki, watu wawili wamekaa kizingitini wakigawana fedha, na mwanamke mmoja amesimama mlangoni nyuma yao, ameshika beseni. Haneni kitu. Sisi twasema atawamwagia maji. Kijana asema hapana, tazama vidole vyake; beseni ni tupu, na fedha ile ni yake, naye amekwisha kuichukua. Bibi yake atucheka sote wawili wala hataki kusema kwa nini. Kama yuko msomaji anayelitambua gazeti hilo kwa maelezo haya, na anayo karatasi ile, twamwomba aieleze katika kurasa hizi, ili ijulikane katika sisi watatu ni nani aliyekuwa juha.